Machela Haiwekwi Chini

Asubuhi ile niliondoka bila kuaga, kwa sababu sikuwa na mtu wa kuaga. Kambi ilikuwa bado imezama kwenye ukungu. Wachumaji walikuwa wakijifunga aproni za plastiki kiunoni na kutupia vikapu mgongoni, nyapara anapiga kelele zake za kila siku, na mimi nikapita katikati yao na mfuko wangu wa nailoni kama mtu anayetumwa sukari dukani.

"Wewe, huingii kazi leo?" jirani mmoja akaniuliza.

"Leo naenda kuona barabara inaishia wapi."

Akacheka. "Barabara haiishi, kijana. Kinachoisha ni unga."

Ilikuwa siku ya Jumamosi, mwezi wa mvua ndefu, katika miaka ya tisini. Nilikuwa nimezaliwa katika kambi ile ya majani chai huko Kericho, mtoto wa wazazi waliotoka upande wa ziwa kutafuta kazi. Shule niliiacha darasa la sita. Nilikuwa nauliza sana, na mwalimu alikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa limekatwa kwenye mti wa mkaratusi. Tangu hapo nilijifunza kwa kutembea. Nilikuwa nimeshachuma chai, nimepasua kuni za kiwanda, nimechunga ng'ombe wa watu, nimechimba vyoo, na kila mahali nilikaa mpaka nilipomaliza maswali yangu, kisha nikaondoka.

Lakini mwaka ule sikuwa natembea kwa sababu ya maswali. Mama yangu alikuwa amefariki. Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jioni jua likikaribia kuzama alikuwa ameshapika chakula cha kesho, amekunja nguo za kazi na kuzificha chini ya kitanda ili hata macho yake yasizione, na Jumamosi hakugusa hata jivu la jikoni. Alipougua, kambi nzima ilikuja kuomba, na mimi niliomba kuliko wote. Alipozikwa nikaacha kuomba. Mungu sikumkana. Nilikuwa nimemnunia, kama mtoto anavyomnunia mzazi: yuko ndani ya nyumba, lakini hasemi naye.

Lori la kuni lililokuwa likirudi tupu lilinipakia nje ya kambi. Dereva hakuniuliza nauli. Alitaka mtu wa kumsaidia kusukuma likikwama. Tulipita Litein na mvua nyembamba usoni, tukakwama mara kadhaa, tukachomoka, na kabla ya adhuhuri akanishusha Silibwet, karibu na soko. "Mbele ya hapa ni wewe na miguu yako," akasema. "Barabara ya juu imekatwa na mvua. Gari haipiti."

Nikachagua njia iliyokuwa na watu wachache, kama kawaida yangu. Ilipanda katikati ya mashamba madogo ya chai, shamba la huyu limepakana na la yule, na kila moja limechumwa juu sawasawa kana kwamba mtu alipitisha kiganja akalainisha. Ng'ombe wawili watatu kando ya kila nyumba. Mahindi machanga. Nilikuwa nimetembea mwendo mrefu kidogo niliposikia chuma kikigongwa mahali fulani nyuma ya kilima.

Kila mtu aliyelelewa kule anaijua sauti hiyo. Makanisa ya vijijini hayakuwa na kengele. Yalikuwa na rimu ya gari iliyotundikwa kwenye tawi, na chuma cha kuigongea. Naijua rimu ya ibada: inagongwa polepole, kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Hii haikuwa hivyo. Hii iligongwa mbio mbio, bila kupumua, kisha ikanyamaza. Nikasimama. Halafu nikasikia kuimba.

Walitokea kwenye kona, wanaume sita, na mabegani mwao machela. Miti miwili ya mkaratusi, laini kwa kushikwa na watu wengi, ilikuwa imepitishwa ndani ya magunia yaliyokatwa matako, na juu ya magunia blanketi, na ndani ya blanketi mwanamke mwenye mimba kubwa. Nyuma yake kundi la watu wakiimba. Kando yake alitembea mama mmoja wa makamo, mfupi, na kibuyu cha maziwa kimening'inia begani. Mbele yao wote mzee mwenye koti la mvua na fimbo.

Mzee akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. Alitumia muda, kwa sababu mimi ni mrefu.

"Kijana, unaenda wapi?"

"Naenda tu, mzee."

"Naenda tu ni wapi?"

"Huku mbele."

"Basi ni njia moja. Shika hapa."

Mtu mmoja akatoka chini ya mti, nikaingia. Ndivyo nilivyoajiriwa. Mara tu nilipoweka bega, machela ikainama upande, na sauti ikatoka ndani ya blanketi: "Nani huyo ameingia? Ananiyumbisha kama kreti ya soda!"

Watu wakacheka, na mama mfupi akasema, "Nyamaza, mtoto wangu. Mungu ametuma twiga, tufanye nini?"

"Huyu ni wa upande wa samaki," akasema mmoja nyuma yangu. "Hata bega lake nasikia mifupa ya samaki tu."

Miaka ile utani kama huo ungeweza kuwa si utani. Kulikuwa na sehemu ambapo watu wa kwetu na watu wa kwao walikuwa wamechomeana nyumba, na hata pale ambapo hakuna kilichochomwa watu walisalimiana wakiangalia mikono. Nilikaza bega tu. Lakini mzee aligeuka akasema, "Samaki anabeba. Wewe wa maziwa ya mursik umechoka tangu daraja. Tuendelee." Wakacheka tena, na mimi nikacheka, na hapo nikajua kwamba ni utani.

Kulikuwa na namna ya kubeba, na nilifundishwa nikiwa chini ya mzigo. Tukifika mteremko mzee anaita, "Warefu mbele!" nasi warefu tunahamia mbele ili mgonjwa asilale kichwa chini. Tukifika mpando anaita, "Warefu nyuma!" Tunabadilishana tukitembea, mmoja anaingia kabla mwingine hajatoka, na wakati wote huo machela inaelea palepale kama maji kwenye karai la mtu mwenye adabu. Nikaona kwamba hawasimami. Hata mvua iliponyesha kwa nguvu hawakusimama.

"Mbona hatumweki chini tupumzike?" nikauliza.

Mzee akasema, "Machela haiwekwi chini. Anayewekwa chini njiani ni maiti."

"Ni mwiko?"

"Mwiko wa nini? Sisi ni watu wa kanisa." Akatembea kidogo akifikiri. "Ardhi haina kosa, kijana. Lakini ukimweka chini mara moja, mtu wa pili atataka kumweka tena, na wa tatu. Giza linakuingilia njiani. Wazee wetu waliona afadhali tusianze."

Mama mfupi ndiye aliyenieleza mengine, bila mimi kumuuliza, maana alikuwa na hofu na hofu ilimtoa maneno. Yule mgonjwa alikuwa mke wa mwanawe. Mwanawe alikuwa mbali, kibarua Nairobi. Uchungu ulikuwa umeanza tangu jana asubuhi na mtoto alikuwa amekaa vibaya, mkunga wa kijiji aliweka mkono, akautoa, akasema, "Huyu ni wa kisu." Kliniki alikuwa akihudhuria katika hospitali iliyoko Longisa, na huko ndiko alikopelekwa. "Mara mbili amepitishwa njia hii," mama akasema, "na mara mbili amerudi mikono mitupu. Mara ya pili vijana walichoka wakamweka chini pale mtoni. Sisemi ni hiyo. Sisemi. Lakini leo hatawekwa chini."

Aliukaza mkanda wa kibuyu. Ndani mlikuwa na mursik, maziwa yaliyogandishwa kwa mkaa wa mti, aliyoyaandaa kwa ajili ya mzazi. Kila alipozaa mtu wa nyumba yake, yeye ndiye aliyempa kikombe cha kwanza. Mara mbili alikuwa amerudi na kibuyu kimejaa.

Nilitazama mbele kusikoonekana mwisho na nikajiuliza ni vipi watu sita, au kumi na sita, watabeba mtu mpaka Longisa bila kumtua. Jibu nililipata kwenye kituo cha kununulia majani chai. Kabla hatujafika, mzee alituma mtu mbio mbele, na nikasikia rimu nyingine ikigongwa ile ile ya mbio mbio. Ilikuwa ya kanisa la Wakatoliki. Watu walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao, majani yamelowa, na karani anapima. Rimu ilipolia hakuna aliyeuliza. Wanaume walitoka kwenye foleni. Karani aliacha kikapu kikining'inia kwenye mizani, akavua koti lake safi, akaja. Majani chai yakikaa sana yanaungua, yanageuka mekundu, kiwanda kinayakataa. Kila mtu pale alijua hivyo, na waliyaacha. Wakaingia chini ya miti mmoja mmoja, sisi tukatoka mmoja mmoja, na mgonjwa hakujua mabega yamebadilika ila kwa nyimbo.

Maana nyimbo zilibadilika. Wa kwanza waliimba polepole kwa sauti nne. Hawa waliimba haraka, na mama mmoja akapiga vigelegele.

"Nyinyi mnatembea kama mnaenda arusi," mzee wa koti la mvua akawaambia.

Katekista wao, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, akajibu, "Na nyinyi mmemleta kama mnaenda kumzika. Mungu asikie ipi sasa?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Kila kanisa lilibeba mpaka rimu ya kanisa lililofuata, kutoka juu kabisa ya milima mpaka Longisa. Hawakuwa wa dini moja. Kuhusu ubatizo wangebishana mpaka ng'ombe akose kukamuliwa. Lakini miti ile miwili ilikuwa ya wote. Ilihifadhiwa juu ya dari la kanisa la kwanza, na kila aliyekuwa na bega aliijua. Waliobeba kipande chao walirudi nyumbani. Waliobaki na mgonjwa walikuwa mama mkwe, mzee wa koti la mvua, na mimi. Mimi hakuna aliyeniambia nibaki. Nilitaka kuona mwisho wake. Nilikuwa nimetoka nyumbani kutafuta mahali barabara inapoishia, na hawa watu walikuwa wakiifupisha mbele ya macho yangu kwa mabega tu.

Baada ya mto tukakaribia kanisa la tatu. Lilikuwa kando ya njia, dogo, la mabati, na rimu yake kwenye mti wa mbele. Lilikuwa la Wasabato. Na ilikuwa Jumamosi, wako ndani, sauti ya mhubiri inasikika.

Katekista akainua mkono, mwendo ukapungua. "Leo ni siku yao," akanong'ona. "Tukigonga tutawavunjia Sabato."

Mzee wa koti la mvua akasita. "Ni kweli. Hao siku ya leo hata maji hawachoti."

Mama mkwe alitazama rimu, akatazama mabega ya wabebaji ambayo yalishaanza kutetemeka, akatazama mlango wa kanisa. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Basi tupite," akasema. "Lakini tusiwapigie kelele."

Nilimkumbuka mama yangu asiyegusa jivu. Niliona wamesema kweli. Tukanyamazisha nyimbo. Watu walikanyaga polepole kwenye matope, kama wanaopita kando ya mtoto aliyelala, na tukaliacha kanisa nyuma yetu.

Mbele ya kanisa lile kulikuwa na mpando mrefu kuliko yote ya siku hiyo. Udongo mwekundu ulikuwa umegeuka sabuni. "Warefu nyuma!" nikasukuma kwa bega na kwa kifua. Wakatoliki walikuwa wamebeba kipande chao na sasa walikuwa wakibeba cha wenzao, na hatukuwa na mtu wa kutupokea. Nyimbo hazikurudi, pumzi haikutosha. Na ndani ya blanketi palikuwa kimya. Mama mkwe akaona kimya kile. Akaenda mbio kando ya machela, mkono wake ndani ya blanketi.

"Sema kitu," akamwambia. "Sema hata matusi. Mtukane mume wako, mimi ni mama yake, nakuruhusu."

Mgonjwa akaguna. Kisha uchungu ukamshika na akalia, kilio kirefu kilichotoka chini kabisa, na kikashuka bonde lote.

Hapo katekista akateleza. Goti lake liligonga chini, mti ukadondoka mpaka kiunoni, na watatu wetu tukaushika kwa mikono. Machela ilibaki juu ya matope kiasi cha shubiri moja. Niliona mishipa ya mikono ya karani imesimama. Mtu akasema, "Tumweke chini kidogo. Kidogo tu."

"Hapana," akasema mama mkwe.

"Mama, tutamwangusha."

"Hapana!" Na akafanya jambo ambalo silisahau: alipiga magoti kwenye matope, akaingiza mgongo wake mwenyewe chini ya gunia, na kulishikilia. Mwanamke mfupi, wa umri ule, na kibuyu chake kimebanwa kifuani.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kilichofuata nilikisikia kabla ya kukiona: miguu mingi ikichapa matope nyuma yetu. Nikageuza kichwa. Bondeni watu walikuwa wakipanda mbio, wanaume wamevaa suti, suruali zimekunjwa mpaka magotini, viatu vyao vya ibada mikononi. Wanawake wenye vitambaa vyeupe kichwani. Nguo zao zilikuwa nyeupe na nyeusi kwenye ule udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imekatika, na mwanga ulikuwa umewaangukia kwa nyuma. Mimi nilikuwa mtu mzima asiyeomba, na nywele zilinisimama.

Kiongozi wao, mzee mwembamba mwenye miwani, alifika akihema. Hakusalimu.

"Mmebeba nani?"

"Mgonjwa," katekista akajibu akiwa bado amepiga goti.

"Mgonjwa! Na mbona hamkugonga?"

"Hatukutaka kuwavunjia Sabato, mzee."

"Mnajua mmefanya nini?" Sauti yake ilitetemeka, kwa hasira au kwa kukimbia. "Tumewaona dirishani mkipita kimya. Wanaopita kimya wamebeba maiti. Nimesimamisha mahubiri. Kanisa lote limesimama, tumeinamisha vichwa, tumeanza kuimba wimbo wa kuzika. Halafu mama aliyekuwa nje akinyonyesha anaingia na kuniambia, 'Mzee, maiti yenu inalia!'"

Hakuna aliyejua acheke au alie. Kutoka ndani ya blanketi ikaja sauti nyembamba: "Mmeniimbia ya kuzika?"

"Tumekata katikati, binti yangu," akasema mzee. "Hatujafika kwenye kiitikio." Kisha akamgeukia katekista. "Sabato si glasi. Haivunjiki kwa kubeba mtu. Kinachotuvunja ni kupitwa. Ondokeni hapo."

Wakaingia. Walikuwa wengi, na wamepumzika tangu Ijumaa jioni kama alivyokuwa akipumzika mama yangu. Miti ikapanda tena juu ya mabega kana kwamba haikuwa na kitu. Wanawake walivua vitambaa vyao vyeupe, wakavikunja na kuviweka chini ya miti ili isichune mabega, na mama mmoja, alipoona langu limetoka damu kidogo, akaniwekea chake. Kilinukia sabuni ya mche na pasi ya makaa. Ilikuwa harufu ya Jumamosi ya nyumbani kwetu. Nilifikiri ilikuwa imezikwa. Sikuweza kuona njia vizuri kwa kitambo.

"Na wewe mrefu, si wa huku," mzee wa miwani akaniambia.

"Mama yangu alikuwa Msabato. Wa kambi ya chai."

"Alikuwa?"

"Alikuwa."

Akanitazama juu ya miwani. Hakusema pole. Alisema, "Basi shika mbele, mtoto wetu. Tunashuka."

Tulishuka tukiimba. Walirudia wimbo baada ya wimbo, katekista na wenzake wakifuata nyuma, wamekataa kurudi, wakiitikia wasipojua maneno. Mahindi yakazidi chai, mashamba yakawa tambarare, na mwanga wa jua ukawa wa manjano. Mwanzoni mwa Longisa, karibu na hospitali, palikuwa na rimu ya mwisho, ya kanisa dogo la waombaji. Kogo mmoja, bibi mzee aliyejifunga shuka kiunoni, alikuwa ameshatusikia. Aliigonga kwa nguvu ambazo sikujua amezitoa wapi, na lango la hospitali likafunguliwa kabla hatujafika. Wauguzi walitoka na kitanda cha magurudumu. Hapo, kwenye kitanda kile, ndipo machela ilipotua kwa mara ya kwanza tangu milimani. Magunia yakaachia mwili, blanketi likaingia mlangoni, na sisi tukabaki na miti miwili.

Kwenye baraza wakaanza kuomba, kila watu kwa namna yao, wengine kwa sauti, wengine kimya, katekista na shanga zake. Mama mkwe peke yake hakuomba. Alikaa ukutani, miguu imenyooshwa, matope mpaka kifuani, kibuyu mapajani. Nikakaa karibu naye, na kwa kuwa mimi siwezi kuacha kuuliza, nikamuuliza mbona haombi.

"Nimeomba tangu mwaka juzi," akasema. "Leo nimechoka. Wacha hawa wanibebe na mimi."

Akafumba macho. Mimi nilikuwa nimefikiri kwamba mtu akichoka kuomba amebaki peke yake barabarani. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima nikifikiri hivyo. Haikuwahi kunijia kwamba kambi ile iliyokuja nyumbani kwetu, na iliyoendelea kuja hata baada ya mazishi, na ambayo niliikimbia, ilikuwa imekuja na mabega.

Muuguzi alitoka jua likiwa ukingoni. Alikuwa mwanamke kijana, amechoka, na tulisimama wote kwa pamoja mpaka akarudi nyuma hatua moja. "Ni msichana," akasema. "Walimtoa kwa kisu. Analia kushinda mama yake. Wote wazima."

Mama mkwe hakupiga kelele. Alisimama, akatikisa kibuyu, akasikiliza mlio wa maziwa ndani yake, na akamfuata muuguzi. Aliporudi kibuyu kilikuwa nusu. Kilichobaki alitugawia kwenye kikombe kimoja kilichozunguka, kwa Mkatoliki na Msabato na karani wa mizani. Kiliponifikia nilionja moshi na uchachu, nami nikanywa taratibu. "Kongoi," akaniambia, yaani asante, mimi niliyekuwa nikitaka kumwambia yeye. Baadaye nilisikia mtoto alipewa jina la njia, kama watu wa kule wanavyompa mtoto jina la mahali au wakati alipokuja.

Watu wakaanza kuondoka, isipokuwa mzee wa koti la mvua, aliyebaki hospitalini na mama mkwe. Mzee wa miwani alimwambia kogo wa rimu, "Ukigonga, tutajibu. Leo hatutapitwa tena."

Nilibaki langoni na mfuko wangu wa nailoni. Kogo alikuwa ameiegemeza miti ya machela kwenye ukuta wa nyumba yake, iliyokuwa nyuma ya kanisa. Akanitazama kama wote walivyonitazama siku ile, kuanzia chini kwenda juu.

"Na wewe, unalala wapi?"

"Sijui, kogo."

"Asiyejua analala hapa." Akafungua mlango wa chumba cha nje. "Hiyo miti inalala na wewe. Kesho inarudi kwao, na huwa hairudi peke yake. Na usinipasulie dari kwa kichwa chako, bati ni la mkopo."

Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, blanketi moja, magunia ya mahindi. Nikaingiza miti, nikailaza kando ya kitanda. Nje jua lilikuwa limezama, Sabato imekwisha. Kogo akaenda kwenye rimu. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Akagonga, na haikuwa ile ya mbio wala ile ya ibada. Ilikuwa ya kuachia na kurudi, kuachia na kurudi, kama mtu anayebembeleza mtoto. Kisha akashusha mkono, tukasikiliza.

Palikuwa kimya. Mbwa mmoja, ndama mmoja. Nilishika mwimo wa mlango.

Halafu kutoka ng'ambo ya kile kilima kirefu ikajibu, rimu ya Wasabato, kwa nguvu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama watu waliokuwa wamesimama chini yake wakisubiri jua lizame. Ilipoacha, nikasikia nyingine nyuma yake, ndogo, ya kituo cha majani chai. Na baada ya hiyo, juu kabisa gizani, nilisikia au nilidhani nimesikia ya kwanza. Habari ilikuwa ikirudi nyumbani kwa njia ile ile tuliyoibeba.

Nikasema neno moja, amina. Sikuwa nimelisema tangu mazishi, na sikulisema kwa sauti.

"Umesikia?" kogo akaniuliza.

"Nimesikia."

"Basi funga mlango. Baridi inaingia."